Kufungua kichupa cha IL-2 bila kuiua protini

Protini iliyokufa hainuki wala haibadiliki rangi. Unaiweka kwenye seli zako Jumatatu, Alhamisi unakuta zimesinyaa, na hapo lawama zinaanza kugawiwa: mara damu ilichelewa kufika, mara seramu ni ya loti mbaya, mara gesi ya inkubeta imepungua. Kile kichupa kidogo kwenye friza hakuna anayekishuku, maana kina lebo nzuri, kina tarehe, na kilinunuliwa kwa dola.

Mwongozo huu ni wa interlukini-2 (IL-2) ya binadamu, protini inayoziambia seli T zikue, ya rikombinanti (iliyotengenezwa kwa uhandisi wa jeni), ile inayouzwa kwa ajili ya utafiti wa maabara. Nimeichagua kwa sababu ndiyo inayopita mikononi mwangu mara kwa mara. Hapa Dar es Salaam tunakuza seli T (aina ya seli nyeupe za kinga) kutoka kwenye damu ya watu walioishi nyumba moja na mgonjwa wa kifua kikuu, na seli T ukishaziamsha bila kuzipa IL-2 hazifiki mbali. Mengi nitakayosema yanafaa pia kwa saitokini (protini za mawasiliano ya seli) nyingine kama IFN-gamma au GM-CSF, isipokuwa suala la asidi, ambalo kila protini ina masharti yake.

Kwanza ujue unashika nini. Mwaka 1976 Doris Morgan, Francis Ruscetti na Robert Gallo, wakiwa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, walionyesha kwamba majimaji yaliyokusanywa kutoka kwenye seli zilizochochewa kwa PHA (kiamsho cha seli T) yanaweza kukuza seli T za uboho wa binadamu kwa muda mrefu. Kabla ya hapo seli T zilikuwa zinaishi siku chache kwenye chupa na kufa. Mwaka 1983 kundi la Tadatsugu Taniguchi huko Japani lilichapisha jeni yenyewe, na mwaka huohuo, kwenye Taasisi ya Pasteur mjini Paris, virusi ambavyo leo tunaviita VVU vilipatikana kwenye seli zilizokuwa zinalishwa IL-2. Kwa hiyo hiki kiungo cha midia (majimaji ya kukuzia seli) unachokiona cha kawaida kina historia ndefu kuliko mashine nyingi zilizomo humo maabara.

Yenyewe ni protini fupi: asidi amino 133, uzito wa kama kilodaltoni 15.5. Inayouzwa nyingi hutengenezwa ndani ya bakteria E. coli. Bakteria huyu anaizalisha kwa wingi lakini anairundika ndani yake ikiwa imejikunja ovyo, na mtengenezaji analazimika kuiyeyusha, kuikunjua, kisha kuiacha ijikunje upya kwa utaratibu. IL-2 ina asidi amino tatu za aina ya sisteini. Mbili, ya 58 na ya 105, zinashikana na kuibeba protini nzima. Ya tatu, ya 125, haina mwenzake na huwa inavizia kushikana na isiyomhusu. Ndiyo maana bidhaa nyingi zimebadilishwa hapo, ikawekwa asidi amino nyingine, serini. Ukiona kwenye karatasi ya bidhaa neno kama C125S, ni hilo. Haibadilishi kazi yake kwenye seli T. Na kama umewahi kusikia kwamba protini za bakteria hazina minyororo ya sukari, ni kweli, ila kwa IL-2 usihangaike: ya asili ina sukari kidogo karibu na mwanzo wake, na inafanya kazi bila hiyo.

Ninachotaka uondoke nacho kwenye habari hii ni kwamba IL-2 haipendi maji. Sehemu kubwa ya mwili wake ni ya mafuta mafuta, na ukiiweka peke yake kwenye maji ya pH 7 inatafuta ukuta wa kuegemea: plastiki ya tyubu, ndani ya tipu, chujio. Karibu kila hatua hapa chini inatokana na tabia hiyo.

Kabla hujaagiza

Ukurasa wa muuzaji una mambo mengi ya kupamba. Mimi natafuta manne: imetengenezwa kwenye seli gani, shughuli yake ni vizio (vipimo vya nguvu ya kazi) vingapi kwa miligramu, endotoksini (sumu ya bakteria) ni kiasi gani, na kama imechanganywa na protini ya kuibeba au iko peke yake.

Usafi wa asilimia 95 au 97 kila mtu anauandika, na ni sawa, lakini usafi si uhai. Protini inaweza kuonekana mstari mmoja safi kwenye jeli, pale pale karibu na kilodaltoni 15, na isiwe na kazi hata nusu. Protini huchemshwa na sabuni kabla ya kuwekwa kwenye jeli. Jeli haijui kama protini ilikuwa imejikunja vizuri au la.

Kwenye endotoksini watu wana hofu kubwa kuliko inavyostahili, halafu wanakosa kuhofu pale panapostahili. Piga hesabu. Tuseme karatasi inasema chini ya EU 1 (kizio cha endotoksini) kwa mikrogramu, na wewe unatumia nanogramu 5 kwa mililita. Kinachoingia kwenye seli zako ni EU 0.005 kwa mililita, kitu ambacho monosaiti (aina ya seli nyeupe) hazitakitambua. Lakini ukikuza seli kutoka kwenye uvimbe wa saratani, ambako watu hutumia vizio 6,000 kwa mililita, dozi hiyo, kwa bidhaa ya vizio milioni 10 kwa miligramu, ni kama nanogramu 600 na endotoksini inafika EU 0.6, hapo monosaiti zitaanza kutoa TNF (saitokini nyingine) na wewe utaandika kwamba ni kazi ya IL-2. Na hatari kubwa zaidi haitoki hata kwenye IL-2. Inatoka kwenye albumini ya ng'ombe utakayoiongeza mwenyewe, ile iliyochotwa kwenye chupa kubwa ya kupigia Western blot (kipimo cha kutambua protini). Nunua albumini yenye endotoksini ndogo, iandike jina la kazi yake, na usimruhusu mtu kuichota kwa kijiko cha benchi.

Ukubwa wa kichupa: usivutiwe na kichupa cha miligramu 1 kwa sababu tu bei ya kila mikrogramu ni nafuu. Kwa maabara ndogo mikrogramu 50 zinatosha kwa miezi, kama utakavyoona kwenye hesabu. Vichupa vitano vidogo ambavyo bado ni unga ni bora kuliko kimoja kikubwa kilichoyeyushwa chote siku moja.

Halafu tarehe. Agiza ili mzigo ufike kati ya Jumatatu na Jumatano, na uangalie kalenda: Pasaka, Idd, Nane Nane, na ile wiki ya mwisho wa mwaka ambayo ofisi zina watu wachache. Karatasi za forodha ziandaliwe kabla ndege haijatua, na kwenye maelezo ya bidhaa iandikwe wazi kwamba ni protini ya utafiti, haitokani na damu ya mtu, haiambukizi. Neno "human" kwenye lebo limewahi kuuzuia mzigo wetu ghalani kwa sababu mtu alidhani ndani kuna sampuli ya binadamu.

Mzigo ukifika na barafu imeyeyuka, usianze kulia. IL-2 iliyokaushwa ikawa unga inavumilia safari. Wauzaji wengine huisafirisha bila barafu kabisa. Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni ikiwa umenunua ile ya majimaji, au ikiwa kofia ya kichupa imelegea. Andika namba ya bidhaa, namba ya loti, tarehe ya kupokea na hali ya barafu, pakua cheti cha uchambuzi cha loti hiyohiyo, kisha weka unga kwenye nyuzi -20 au chini zaidi.

Siku ya kufungua

Usifungue kichupa mpaka ujue utakitumia wiki hiyo. Ukishajua, kitoe kwenye friza na kiache mezani kikiwa kimefungwa, dakika 15 au zaidi. Hapa kwetu hilo ni la lazima: hewa ya Dar ina unyevu, na ukifungua kichupa cha baridi kali utaona umande ndani yake kabla hujashika pipeti. Umande huo ni maji usiyoyapima, tena si safi.

Kisha kizungushe kwenye sentrifuji ndogo kwa sekunde 30 hivi. Unga ukisafiri kwa ndege unaruka na kujibanza chini ya kofia. Ukifungua bila kuzungusha, unaibandua kofia pamoja na robo ya bidhaa.

Kijana mmoja wa field alipokishika kichupa mara ya kwanza alikiinua kwenye taa, akakigeuza, akaniita kwa sauti ya mtu aliyeibiwa: "Dada, wametupiga. Humu hamna kitu." Nikamwambia akiinamishe taratibu pembeni ya mwanga. Chini kabisa, kwenye kona, kulikuwa na utando mwembamba, kama ukungu uliobaki kwenye kioo baada ya kukipulizia pumzi. Mikrogramu 50 ndivyo zilivyo. Na hata ukungu wenyewe mara nyingi si protini tupu bali chumvi au sukari iliyowekwa wakati wa kukausha. Kwa hiyo kichupa kinachoonekana kitupu usikirudishe wala usikitupe, na kamwe usijaribu kupima unga wake kwenye mizani. Kiasi kilichomo ni kile kilichoandikwa. Wewe unapima maji unayoongeza tu.

Sasa maji gani? Soma karatasi ya bidhaa yako kabla ya kunisikiliza mimi. Bidhaa nyingine zimekaushwa pamoja na chumvi zinazoziwezesha kuyeyuka kwenye maji safi. Nyingi za IL-2 zinataka asidi asetiki ya milimola 100, kwa sababu kwenye hali ya asidi protini hii inabeba chaji, inajitenga na wenzake na kuyeyuka vizuri. Kuitengeneza si kazi: kwenye maji safi mililita 9.94 ongeza mikrolita 57 za asidi asetiki isiyochanganywa. Fanyia kwenye hudi ya kemikali, vaa glavu, na asidi iingie kwenye maji, si maji kwenye asidi. Asidi hiyo huganda kwenye nyuzi 16.6, kwa hiyo kama chumba chenu mmeweka AC kwenye 16 kama ofisi fulani ninazozijua, unaweza kukuta chupa ina fuwele. Itoe nje kidogo, itayeyuka yenyewe.

Kwenye hizo mililita 10 yeyusha miligramu 10 za albumini, ambayo ni asilimia 0.1, halafu chuja kwa chujio la mikromita 0.22 ndani ya kabati la usalama. Chuja sasa, kabla protini haijaingia. Ukichuja IL-2 yenyewe kwa kiasi kidogo kama hiki, chujio litakula sehemu kubwa na wewe hutaona.

Kazi ya albumini ni kujaza nafasi. Kuta za plastiki zinataka protini ya kushika. Bora zishike albumini ya bei rahisi kuliko IL-2. Kuna wakati mmoja tu wa kuiacha: kama unakwenda kuibandika rangi au biotini kwenye IL-2, au kuipaka kwenye sahani ya ELISA (kipimo kinachotumia kingamwili), albumini itachukua kila kitu kwa sababu ni nyingi kupita kiasi. Kwa kukuza seli, iweke.

Ongeza mikrolita 500 kwenye kichupa cha mikrogramu 50. Teremsha maji kwenye ukuta, polepole, zungusha kichupa kwa mkono ili maji yapite kila mahali, kiache mezani dakika 15 hadi 30. Vorteksi isiguswe. Kupuliza pipeti juu na chini kwa nguvu mpaka povu litokee nako kuache: protini inapofika kwenye uso wa povu inajikunjua, na haijikunji tena. Kama baada ya nusu saa bado kuna vipande vinaelea, acha kwenye nyuzi 4 usiku mzima. Usipashe moto.

Hesabu ya vizio

Hapa ndipo maabara mbili zinaposema zimetumia dozi sawa kumbe zimepishana.

IL-2 hupimwa kwa namna mbili, uzito na vizio vya kimataifa. Uzito unakuambia protini ni kiasi gani. Kizio kinakuambia inafanya kazi kiasi gani, ikilinganishwa na kiwango cha rejea cha Shirika la Afya Duniani, ambacho hutunzwa na NIBSC, maabara ya viwango vya kibayolojia huko Potters Bar, Uingereza. Kipimo cha kawaida hutumia CTLL-2, seli za panya ambazo bila IL-2 hufa. Ndiyo, za panya. IL-2 ya binadamu inafanya kazi kwenye seli za panya, ingawa ile ya panya ni dhaifu sana kwa seli za binadamu. Usije ukaagiza ya panya kwa kudhani ni njia mbili.

Tuseme cheti cha loti yako kinasema vizio milioni 10 kwa miligramu. Mikrogramu 50 zina vizio 500,000. Umeziyeyusha kwenye mikrolita 500, kwa hiyo kila mikrolita ina vizio 1,000. Unataka midia yenye vizio 50 kwa mililita: hiyo ni nanogramu 5.

Mwakani unanunua tena, loti nyingine, cheti kinasema milioni 16 kwa miligramu. Ukiendelea kuweka nanogramu 5 kwa mazoea, sasa seli zinakula vizio 80. Hazitakufa, ila zitakua tofauti na za mwaka jana, na mwanafunzi wako wa uzamili atatafuta sababu kwenye umri wa wagonjwa. Andika dozi kwa vizio, kwenye daftari na kwenye ripoti, na uandike loti. Uzito uweke pembeni kama taarifa.

Bidhaa nyingine hutoa shughuli kwa namna ya ED50 (kiasi kinachotoa nusu ya mwitikio wa juu kabisa) peke yake, mathalani nanogramu 0.1 kwa mililita, bila vizio vya kimataifa. Ukigawa 1,000,000 kwa ED50 ya nanogramu unapata "vizio" kwa miligramu, kwa mfano huo milioni 10, lakini hivyo ni vizio vya muuzaji huyo kwenye jaribio lake yeye. Usivichanganye na vya kimataifa bila kujaribu mwenyewe.

Friza

Hizo mikrolita 500 usiziache kwenye kichupa kimoja. Zigawe siku hiyohiyo kwenye tyubu ndogo za plastiki isiyoshika protini, mikrolita 20 kila moja, yaani vizio 20,000. Kwa hesabu ya karatasi utapata tyubu 25. Kwa hesabu ya pipeti utapata 24, na hiyo ya mwisho isiyojaa itupe, usiitie kwenye boksi na wenzake. Chini ya mikrolita 20 siendi. Tone dogo lina ukuta mwingi na maji machache, na kwenye friza linakauka.

Kuhusu lebo nina ukali. Maka peni ya kawaida ikikutana na ethanoli inafutika, na lebo za karatasi kwenye -80 hubanduka zikabaki chini ya boksi kama takataka. Tumia lebo za friza, uandike: IL-2, vizio kwa tyubu, loti, tarehe, herufi za jina lako. Jina tupu "IL-2" halitoshi. Baada ya miaka miwili hakuna anayekumbuka kama ni 20,000 au 200,000, na mtu atatumia akikisia.

Weka -80 kama unayo. Kama unayo -20 tu, hakikisha si ile inayojiyeyushia barafu yenyewe. Friza za nyumbani za kisasa hujipasha kidogo kila mara ili zisijenge theluji, na tyubu yako ya mikrolita 20 inapanda na kushuka joto bila wewe kujua. Friza ya kizamani yenye theluji ukutani, ile inayowachosha kuigongagonga, ndiyo rafiki wa protini.

Umeme ukikatika usifungue friza kuangalia kama vitu vimeyeyuka. Kufungua ndiko kunakoviyeyusha. Friza iliyojaa inapanda joto polepole kuliko iliyo tupu, hivyo nafasi tupu zijaze chupa za maji. Gawa boksi mbili, nusu ya tyubu friza hii, nusu friza nyingine, ikiwezekana kwenye jengo lenye jenereta tofauti. Na kipima joto chenye kumbukumbu kinagharimu kidogo kuliko kichupa kimoja cha saitokini.

Karatasi nyingi nilizonazo zinatoa mwezi 1 kwenye nyuzi 2 hadi 8 baada ya kuyeyusha unga, na miezi 3 ikigandishwa. Fuata yako. Sheria isiyobadilika ni kwamba tyubu ikishayeyuka haigandishwi tena. Itoe, iyeyuke kwenye barafu, ongeza mikrolita 180 za midia yenye seramu, na sasa una mikrolita 200 zenye vizio 100 kila mikrolita. Ikae kwenye nyuzi 4, itumike ndani ya wiki, kinachobaki kimwagwe. Najua kumwaga kunauma. Mtu akikuambia "irudishe tu, haina shida", muulize kama yuko tayari kurudia majaribio yake yote ya mwezi ujao.

Kwenye seli, na jaribio la kulinganisha

Mikrolita 5 za ile iliyochanganywa kwenye mililita 10 za midia zinakupa vizio 50 kwa mililita. Weka IL-2 kwenye midia ya siku hiyo, si kwenye chupa kubwa ya mililita 500 itakayokaa wiki tatu. Seli huitumia na kuimaliza, kwa hiyo kila siku ya pili au ya tatu toa nusu ya midia ya zamani na uweke mpya yenye IL-2.

Seli T iliyolala haina kipokezi kizuri cha IL-2. Lazima iamshwe kwanza, kwa PHA, kwa kingamwili dhidi ya CD3 na CD28 (protini za juu ya seli T), au kwa antijeni yako, ndipo CD25 (sehemu ya kipokezi cha IL-2) inapanda na dozi ndogo inasikika. Anayemwaga IL-2 kwenye seli zilizolala na kuona kimya asilaumu bidhaa. Kuongeza dozi mpaka mamia ya vizio nako si dawa: seli za NK (seli nyingine za kinga), zenye kipokezi cha daraja la kati, zitaanza kuchangamka, na utakuta unakuza kitu ambacho hukukusudia. Kwa seli T za antijeni mimi huanza na vizio 20 hadi 50 kwa mililita, napanda nikiwa na sababu.

Sasa kupima. Kila loti mpya, au tyubu unazozishuku baada ya umeme kukatika, zilinganishe na za zamani ambazo unajua zinafanya kazi. Ndiyo maana kwenye kila loti nzuri unatenga tyubu tatu nne za rejea na kuziandikia "usiguse".

Chukua damu ya mtu mzima mwenye afya aliyeridhia kwa mujibu wa kibali chenu cha maadili, tenga seli nyeupe, ziamshe kwa PHA siku tatu. Zioshe mara mbili, ziache usiku mzima bila IL-2 ili zipate njaa. Kisha chukua sahani ya visima 96. Visima vyote vya ukingoni vijaze maji ya chumvi tu, kwa sababu hukauka haraka na kukudanganya. Vinabaki 60 vya katikati. Mistari ya B, C na D ni ya loti ya zamani. E, F na G ni ya mpya. Safu ya 2 anza na vizio 400 kwa mililita kwenye mikrolita 100, gawa kwa tatu kila safu mpaka ya 10, na ya 11 iache bila IL-2. Ongeza seli 50,000 kwenye mikrolita 100 kila kisima, jumla milioni 3, na kipimo cha mwisho sasa ni nusu: kinaanza 200 na kushuka mpaka kama 0.03. Badilisha tipu kila safu unapopunguza. Anayetumia tipu ileile anabeba IL-2 ya safu ya kwanza mpaka mwisho.

Baada ya siku mbili hadi tatu weka mikrolita 20 za resazurini kila kisima, subiri saa nne hivi. Ni ya bluu. Seli hai huigeuza waridi. Uzuri wake ni kwamba hata mashine ya kusomea ikiwa mbovu unaiona kwa macho: waridi kali kushoto, zambarau katikati, bluu kulia. Tafuta pale zambarau inapokaa kwa loti ya zamani, halafu kwa mpya. Zikiwa kwenye safu moja, hamia loti mpya bila wasiwasi. Zikipishana kwa sehemu ndogo ya safu, ni kawaida ya majaribio ya seli. Tofauti ya mara mbili hivi usiigombanie. Mpya ikibaki nyuma kwa safu nzima au zaidi, ina nguvu theluthi au chini ya hapo. Rudia na tyubu nyingine kutoka boksi lilelile. Ikirudia hivyohivyo, mwandikie muuzaji, ambatanisha picha ya sahani na kumbukumbu ya joto la friza. Wengi hubadilisha bidhaa wakiona ushahidi, hawabadilishi kwa malalamiko matupu. Na kama safu ya 11 nayo imegeuka waridi, seli zako hazikupata njaa ya kutosha au kuna IL-2 iliyobaki, kwa hiyo jaribio lote halina jibu.

Neno moja kwa wanaouliza pembeni, maana huwa wanauliza. IL-2 ipo pia kama dawa. Proleukin iliidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa saratani ya figo, kichupa kimoja kina vizio milioni 22, na hutolewa hospitalini chini ya uangalizi mkali kwa sababu inaweza kuifanya mishipa ivujishe maji na presha ishuke. Kichupa chetu kilichoandikwa "kwa utafiti tu" hakikutengenezwa wala kupimwa kwa ajili ya mshipa wa mtu yeyote. Jirani akija na karatasi ya rufaa akitaka umsaidie kidogo tu, mpe pole, mwelekeze kwa daktari wa saratani, na friza ibaki na kufuli.

Tyubu zilizotumika na tipu zake zinaingia kwenye ndoo ya taka za kibayolojia pamoja na za seli. Kichupa cha asili, kabla hakijafuata, kipige picha ya lebo uibandike kwenye ukurasa wa loti hiyo kwenye daftari, karibu na cheti na picha ya sahani.